Shangazi, mke wangu anaigiza bila malipo. Anapata nini huko?

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 51, mkazi wa Uyole hapa Mbeya. Nina duka la pembejeo: mbolea, mbegu, dawa za viazi. Mke wangu ana miaka 44, anauza mchele sokoni Mwanjelwa. Tumejaliwa watoto wanne. Wawili wanajitegemea, mmoja yuko chuo, na kitinda mimba wetu ameanza kidato cha kwanza bweni Januari mwaka huu. Ndoa yetu ina miaka 25. Sijawahi kumpiga, sijawahi kumnyima hela ya matumizi, na mambo ya ndani kwangu sijawahi kuyatoa nje mpaka leo ninapokuandikia.

Mwezi wa tatu alijiunga na kikundi cha maigizo. Usifikirie wale wa kwenye runinga. Hawa ni watu wa mtaani tu: fundi cherehani, walimu wawili watatu, nesi mstaafu, dereva wa bajaji, vijana wanaosubiri ajira, na mwalimu mmoja wa kwaya anayewafundisha. Wanaandaa igizo la nyimbo kuhusu ujenzi wa reli ya TAZARA. (Marehemu baba mkwe alikuwa kibarua kwenye reli hiyo, upande wa Makambako.) Shangazi, humo ndani ni kuimba mwanzo mwisho. Wakigombana wanaimba, wakichumbiana wanaimba, hata kugawiana ugali ni kwa wimbo. Mazoezi ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na baada ya miezi yote hiyo wataonyesha siku mbili tu, wiki moja baada ya Nanenane. Kisha basi.

Malipo hakuna. Anayelipa ni yeye! Mchango wa kila mwezi shilingi 5,000, nauli ya kwenda na kurudi, na juzi katoa 35,000 kushonesha gauni la igizo ambalo hawezi kulivaa harusini wala kanisani, maana ni gauni la mama ntilie wa mwaka 1972.

Na nafasi yenyewe si kubwa kihivyo. Sehemu kubwa anaimba na kundi, halafu kuna mahali anaimba peke yake beti mbili akiwapakulia vibarua. Kibarua mmoja anamshika mkono. Huyo bwana namfahamu, ni fundi wa mafriji, ana familia yake, na sina ushahidi wa lolote. Lakini majirani hawahitaji ushahidi. Jamaa mmoja alikuja dukani kununua mbolea akaniuliza mbele ya wateja, "Eti shemeji siku hizi kaolewa na TAZARA?" Nilicheka nao. Usiku sikulala.

Anarudi saa tatu, siku nyingine saa tatu na nusu. Chakula huwa amekiacha tayari kwenye hotipoti, nisimsingizie. Ila hata akiwepo, hayupo. Anachambua mchele huku midomo inacheza. Naongea naye habari ya ada, ananiitikia "mmh", kumbe anahesabu mapigo. Nilimwambia kama ni kuimba, kwaya ya kanisani ipo, tena aliwahi kuimba huko zamani kabla ya watoto. Akasema, "Siyo kitu kimoja." Nikamuuliza tofauti ni ipi, akashindwa kueleza. Mimi nami Jumapili jioni huwa sipo, nakuwa uwanjani na maveterani wenzangu, kwa hiyo ukijumlisha na hizo siku zake tatu, tunaonana kama wapangaji.

Wiki tatu zilizopita nilimwambia achague, mimi au hiyo reli. Hakulia wala hakugomba. Alisema tu, "Nimeshawaahidi watu." Tangu siku hiyo tunazungumza habari za umeme na chumvi.

Sasa Alhamisi iliyopita nilichukua kirikuu changu nikaenda kumfuata. Nikisema ukweli, nilienda kuchungulia. Baridi ya huku mwezi wa sita unaijua. Sikuingia. Nilisimama dirishani, kioo kimoja kimevunjika, wameziba kwa boksi, na pembeni ya boksi pana upenyo. Ndani taa ni moja. Nikasikia mwanamke anaimba peke yake, wengine wamenyamaza. Nikajisemea, huyu mama Mungu kampa. Nikawa nanyoosha shingo nimwone ni nani. Alipogeuka, ni mke wangu. Shangazi, miaka 25, na sauti yake sikuijua. Nilirudi kwenye gari, nikawasha, nikaenda nyumbani peke yangu. Yeye akaja na bajaji kama kawaida. Mpaka leo sijamwambia kwamba nilifika.

Swali langu ni hili: mtu mzima mwenye majukumu yake anapata nini kwenye kitu kama hiki? Na je, nimzuie au nimwache?

Mume wa Uyole

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, baba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili maharage yameungua jikoni. Lawama nakupa wewe.

Umeuliza anapata nini. Kabla sijamjibia mwenzio, nijibu wewe: Jumapili jioni uwanjani unapata nini? Jezi umenunua mwenyewe. Njumu umenunua mwenyewe. Goti likivimba, maji ya kukanda anachemsha huyo huyo aliyeolewa na TAZARA. Kombe hakuna, posho hakuna, na mkifungwa mnakaa mpaka giza linaingia mnabishana kama lile bao lilikuwa la kuotea. Sikucheki. Marehemu mume wangu alikuwa wa aina yako, na jezi yake ninayo kabatini mpaka leo. Watu wa mpira wana neno ninalolipenda: kuna mchezaji wa kulipwa na kuna mchezaji wa ridhaa. Hawasemi mchezaji wa bure. Ni wa ridhaa, yaani ameridhia mwenyewe, hakuna aliyemvuta shati. Basi nyumbani kwenu wa ridhaa mko wawili, ila mmoja anaaga kifua mbele na mwingine anaaga kama anaiba.

Wala jambo hili si la leo. Uliza wazee habari za beni. Ngoma ile ilianzia pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, kabla ya Vita ya Kwanza, ikaingia Tanganyika, na askari na wapagazi wa vita wakaisambaza mpaka bara. Vilikuwepo vikundi vya Marini, vilikuwepo vya Arinoti, na ushindani wao haukuwa wa mchezo. Mtu wiki nzima ni karani mdogo au kuli, anatumwa huku na huku. Siku ya ngoma amevaa sare aliyoilipia kwa hela yake, cheo chake ni Jenerali, wenzake wanampigia saluti. Kwa hiyo hizo 35,000 za mkeo zina ukoo mrefu. Hata mganda, ukishuka Nyasa ukawaona wamejipanga na kaptula nyeupe, hatua za kijeshi, kijiji kimekuja kushindana na kijiji, ni mtoto wa beni hiyo hiyo. Nao hawalipwi.

Mimi mwenyewe nilipita huko. Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu mgeni Rungwe, nina miaka 24, nimetoka kwetu Njombe na sanduku moja. Miaka ile sabuni ilikuwa ya foleni na sukari ya mgawo, na mvua ya Tukuyu ndiyo hiyo, haijui likizo. Jioni hapakuwa na pa kwenda. Tukaunda kikundi: walimu, wauguzi, makarani wa chai, mpishi wa shule. Tukatunga igizo la nyimbo kuhusu mkwe mlafi. Mimi nilipewa sauti ya pili. Sauti ya pili, kama hujui, ni ile ambayo msikilizaji haitambui ikiwepo. Tulikuwa wawili tu, na mwenzangu alikuwa anayumba.

Mwezi wa nne nikashikwa na malaria. Siku ya pili niko chini ya blanketi, nikasikia hodi. Walikuwa watatu, wamelowa chapachapa, na chupa ya chai na ndizi za kuchemsha. Nikajua wamekuja kunipa pole. Wakaketi, wakajifuta. Yule karani, mtu wa maneno machache, akasema, "Mwalimu, jana sauti ya pili ilianguka. Tulipofika kwenye harusi ikawa kama kigoda kilichokatika mguu. Utapona lini?"

Nilicheka mpaka kichwa kikanigonga. Walipoondoka nikalia kidogo, na homa haikuwa sababu. Shuleni nikiugua, mwalimu mwingine alishika darasa langu na watoto hawakupungukiwa kitu. Dukani nisipokwenda, foleni ilisogea. Hapa watu watatu walipanda mlima kwenye matope kuja kuulizia, kwa sababu bila mimi harusi ya mkwe mlafi ilikuwa haisimami. Usiku wa onyesho nilisahau mistari yangu miwili mbele ya viongozi wa wilaya nzima, mpishi akanitupia maneno kutoka nyuma ya pazia, nikayadaka ya kwanza tu. Makofi yalipigwa vilevile. Makofi hayo leo siyakumbuki yalivyosikika, ila lile swali la "utapona lini" ninalo.

Nimeshaongea na watu wengi wa vikundi hivi, na kila mmoja ana maelezo yake: kupumzisha akili, kukuza kipaji, kuelimisha jamii. Kuelimisha jamii ndilo jibu la kumpa Afisa Utamaduni. Ukikaa nao mpaka chai ya pili wanakwambia lingine: wamepata mahali ambapo wasipofika, kitu kinaharibika.

Sasa mwangalie mkeo kwa jicho hilo. Kwa zaidi ya miaka 20 nyumba yako ilikuwa inaita: mama sare yangu, mama daftari, mama fulani kanipiga. Januari mtoto wa mwisho kabeba tranka na godoro kaenda bweni. Hesabu mwenyewe: Januari, Februari, mwezi wa tatu kajiunga. Sokoni anaitwa "mama mchele", na akichelewa kufungua, mteja anahamia meza ya pili bila hata kumtazama. Nyumbani nawe unamwita akupe taulo. Halafu anaingia kwenye ukumbi wenye dirisha la boksi, na mwalimu anasimamisha watu wote, anasema, "Subirini, mama ntilie hajafika." Wewe ungekaa nyumbani?

Ulimuuliza tofauti ya igizo na kwaya ya kanisani akashindwa kueleza. Nitamsaidia. Kanisani mtu anasimama kama yeye mwenyewe, na ndivyo inavyopasa. Kwenye igizo anapewa mtu mwingine amvae. Nina rafiki yangu Iringa, mtaa wa Kihesa, mama mtulivu, mzee wa kanisa, ambaye kikundi cha kwao kilimpa nafasi ya mlevi. Mlevi anayeingia kwenye kikao cha ukoo akiimba matusi ya mafumbo. Aliniambia siku ya kwanza alipopaza sauti alijiziba mdomo kwa kiganja. Miaka 50 na kitu, mke, mama, mkwe, hakuwahi kufoka hata kwa mbuzi aliyekula mboga. Mwalimu akamwambia, "Ongeza!" Akaongeza. Anasema siku ile alirudi nyumbani akalala bila kugeuka. Na tangu hapo, mumewe akileta habari ya kuudhi, anamwangalia tu kwa jicho la mlevi, na wote wawili wanaangua kicheko.

Na mwili nao una lake. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha Oxford, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima walioanza madarasa wakiwa hawajuani, kwa miezi 7. Baadhi walikuwa wa kuimba, wengine wa kazi za mikono, wengine wa uandishi. Waimbaji walijiona wamekuwa karibu mapema kabisa, mwezi wa kwanza tu, wenzao bado wanasalimiana kwa mbali. Nimependa kwamba hawakutia chumvi: wanasema kufikia mwisho wale wa mikono na wa kuandika nao walikuwa wamezoeana vilevile. Wimbo haukuwapa watu kitu kisichopatikana kwingine, uliwahisha tu. Kwa hiyo ndiyo, mkeo angeweza kwenda kwenye ushonaji au vikoba akapata wa kucheka nao, ila angesubiri. Waimbaji wanalazimika kuvuta pumzi kwa pamoja. Mmoja akivuta kwa wakati wake, wimbo unatoboka, kila mtu anasikia tundu.

Umesikitika pia kwamba ni miezi mingi kwa siku mbili. Kuna kijiji kusini mwa Ujerumani kinaitwa Oberammergau. Habari zake nilizipata kwa mgeni wa Kijerumani aliyefikia kanisani kwetu, nikaenda kusoma zaidi. Mwaka 1633 tauni ilikuwa inawamaliza, wakaweka nadhiri kwamba wakinusurika wataigiza mateso ya Yesu kila baada ya miaka 10. Wakaanza 1634, na wanaendelea mpaka leo. Zamu ya 2020 ilikwamishwa na korona, wakaonyesha 2022. Wanaoigiza ni wenyeji, seremala na muuguzi na mwanafunzi, na ili upewe nafasi sharti uwe umezaliwa pale au umeishi pale miaka 20. Zaidi ya mwaka mmoja kabla ya onyesho inatoka amri ya kutokunyoa nywele wala ndevu. Fikiria, baba: ukienda posta ni mtume, ukienda buchani ni mtume. Zile ndevu haziotei jukwaani. Zinaota miezi yote ya katikati, mtu yuko kazini kwake, anajipapasa kidevu, anakumbuka kwamba ana wenzake. Mkeo akichambua mchele huku midomo inacheza, hizo ndizo ndevu zake.

Halafu kuna jambo umeliweka kwenye mabano kama mtu anayeficha mfupa chini ya sahani. Baba yake alikuwa kibarua wa reli ile. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, na kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichowatoa watu jasho kuliko vyote: milima, mahandaki, madaraja juu ya makorongo. Nimesoma habari za reli hiyo, nimekutana na majina ya marais na hesabu za mikopo. Jina la mama aliyewapakulia vibarua ugali sijakutana nalo. Sasa pale jukwaani, wakati mkeo anashika upawa na kuimba zile beti mbili, anampakulia nani? Mimi sisemi. Umemuuliza?

Nawe nikutetee, maana si yote uliyoandika ni manung'uniko. Saa tatu na nusu ya Mbeya mwezi wa sita, barabarani, si saa ya mama kusubiri bajaji. Kikundi chenye adabu kinaanza saa kumi na nusu na kufunga saa moja, na kama ukumbi haupatikani mapema, wanapanga usafiri wa pamoja. Aliseme hilo kikundini, ni haki yake na wengine watamshukuru. Mchango wa 5,000 nao uwe na daftari, na kiingilio cha siku mbili kiwe na daftari, kila mtu alione. Vikundi hivi si vya malaika. Nimeona kimoja kikivunjika kwa ugomvi wa nani atakuwa bibi harusi, na bibi harusi mwenyewe alikuwa na ubeti mmoja. Nimeona mwalimu anayewafokea watu wazima kana kwamba wanadaiwa karo. Mkeo akirudi siku tatu mfululizo kanuna, hapo ndipo uulize anapata nini.

Kuhusu fundi friji, poa moyo. Mtu anayeshikwa mkono chini ya taa moja, mbele ya watu ishirini, huku mwalimu anapiga kelele "mkono wa kushoto, mama, wa kushoto!", hana nafasi ya dhambi.

Sasa dirisha. Nadhani hukuniandikia kwa sababu ya gauni wala majirani. Uliandika kwa sababu ya upenyo pembeni ya boksi. Umegundua kwamba fundi cherehani anaijua ile sauti, dereva wa bajaji anaijua, na wewe wa miaka 25 huijui. Huo ni wivu, lakini si wa fundi friji. Sikulaumu, hata mimi ungeniuma. Ila sauti ile haikufichwa. Nyumbani ilikuwa haina kazi. Nyumbani mwanamke anaimba nusu sauti, asimwamshe mtoto, halafu mtoto anakua na ile nusu inabaki kuwa mazoea. Pale wamemfundisha kuvuta pumzi kutoka tumboni na kuitupa mpaka ukuta wa nyuma. Yule aliyeimba kwaya kabla ya watoto alikuwepo humo ndani muda wote, mnapishana naye koridoni.

Kwa hiyo la kumzuia lifute. Lile neno "achague" lirudishe wewe mwenyewe, kwa mdomo, si kwa meseji wala kwa kumtuma mtoto. Halafu mwambie ulifika. Mwambie habari ya boksi, na shingo uliyoinyoosha, na kwamba ulisema huyu mama Mungu kampa kabla hujajua ni nani. Sifa ya namna hiyo hapewi kila mke, na wewe umeikalia wiki nzima. Usianze na mambo ya nauli siku hiyo.

Kisha muulize kama angependa uende. Muulize kwanza, usijipeleke. Wapo waume wanaojiunga ili kulinda, na kikundi kizima kinawajua kwa namna wanavyokaa kiti cha mlangoni. Inawezekana akasema hapana, acha hiki kiwe changu, kama wewe usivyomhitaji uwanjani Jumapili. Akisema hivyo, mwelewe, subiri siku ya onyesho ununue tiketi kama watu wengine. Akisema njoo, usiogope kwamba utaimbishwa. Kila kikundi kinalia kukosa watu wasioimba: wa kupanga mabenchi, wa kuvuta pazia, wa kukaa mlangoni, wa kumtupia maneno aliyesahau. Na mtu mwenye kirikuu, katika maigizo ya mtaani, ni sawa na mfadhili. Hayo mataruma ya kuigizia yatafika ukumbini kwa bajaji?

Ukienda, pita mlangoni. Chukua na futi kamba, upime kile kioo, maana watu wanaimba na baridi inawaingia.

Na yule jamaa wa mbolea akirudi kuuliza shemeji kaolewa na nani, muuzie tiketi mbili.